Ampia Moja Nukta Mbili

Raspberry Pi 4 ni kompyuta nzima kwenye bodi inayotoshea mfukoni. Ina poti 4 za USB, na ukiziangalia utadhani kila moja ina riziki yake. Wapi! Zote 4 zinagawana ampia 1.2, basi. Kibodi na mausi hazina shida, zinakula kidogo. Lakini chomeka diski ya nje, ile ya kuzunguka: inapoanza tu, inaweza kutaka karibu ampia nzima peke yake.

Mimi huandikia watu makala kwa hiyo bodi, na kazi zangu zote ziko kwenye diski. Sasa, wiki ya kupeleka kazi ya kulipa kodi ya nyumba, diski ikaanza: tik, tik, inatokea, inapotea. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja. "Hiyo imekufa, buda. Nunua ingine."

Nikaichomeka kwenye laptopu ya jirani. Ikafunguka vizuri, mafaili yote yako. Basi shida si diski. Nikarudi kwa bodi na kuandika vcgencmd get_throttled. Ukipata 0x0, uko sawa. Mimi nilipata 0x50005, yaani umeme uko chini sasa hivi na bodi imepunguzwa kasi. Badala ya volti 5, ilikuwa inapata chini ya 4.63 hivi.

Aliyeniuzia bodi alinipa na chaja ya simu yenye waya mrefu, mwembamba. Waya kama huo hupoteza volti njiani, na mzigo ukiongezeka ndivyo zinavyozidi kupotea. Dawa ni chaja ya volti 5, ampia 3, yenye waya mfupi mnene. Lakini hata hiyo haiongezi ile 1.2 ya poti. Kwa hivyo diski nikaiwekea kigawanyaji cha USB chenye chaja yake, ijitegemee. Tik tik ikaisha.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani tulikuwa watoto wanne, mshahara mmoja, na mwaka huo mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Kwenye mikutano ya familia, ami zangu walisema kichwa changu kimekataa masomo. Hakuna aliyeuliza karo ilikuwa inatoka wapi, au ilikuwa inagawanywa mara ngapi. Mama alikuwa anajua hesabu yote, lakini alinyamaza, na mimi pia sikutaka aaibike mbele ya mashemeji zake.

Kazi ilienda Ijumaa. Pesa zilipoingia, nilitoa kodi kwanza, halafu nikamtumia mdogo wangu za fomu ya mtihani. Akanijibu kwa meseji: "Asante bro. Na wewe unarudi lini?"

Bado sijamjibu. Napiga hesabu.