Picha ya pazia ni ahadi, na ahadi ni deni

Wasee, leo sina utani. Nataka kuongea kuhusu sentimita 26 zilizonipa aibu mbele ya mama yangu.

Wale mmenifuata kitambo mnajua hadithi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi Busia, nikaanza kutengeneza video kwa simu. Mathe ni fundi wa cherehani hapa Marachi, na ameshona mapazia tangu nikiwa mdogo. Mimi nikaona nafasi: mteja anatuma picha ya sebule yake, nami nachora pazia juu ya ile picha kwa apu, ili aone nyumba itakavyokaa kabla hajanunua hata mita moja ya kitambaa. Watu walizipenda picha hizo sana. Kwa mara ya kwanza tangu niache shule, jirani akiuliza "huyu kijana anafanya nini siku hizi?", mathe alikuwa na jibu.

Halafu ikaja kazi ya Malaba.

Mama mmoja mwenye nyumba mpya alituma picha kwa WhatsApp. Alitaka mapazia kabla ya Jumamosi, maana wageni wa mahari ya binti yake walikuwa wanakuja. Sikwenda kupima. Nilijiambia, nauli ya nini na picha ninayo? Kwenye ile picha kulikuwa na mlango, na milango mingi ya huku kwetu ni futi 7, yaani karibu sentimita 213. Kwenye skrini mlango ulikuwa na urefu wa pikseli 1,420. Nikagawanya, nikapata pikseli 6.67 kwa kila sentimita. Kutoka fimbo ya pazia hadi sakafuni zilikuwa pikseli 1,360. Nikagawanya tena: sentimita 204. Nikampa mathe hiyo namba, akakata kitambaa.

Alhamisi tulienda kutundika. Pazia likaning'inia juu juu, kama suruali ya mtoto aliyerefuka wakati wa likizo. Mathe akatoa tepu yake, akainama hadi sakafuni. Sentimita 230.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kugawanya. Mlango ulikuwa kweli futi 7. Shida ni kwamba mlango ulikuwa ukuta wa karibu na simu, na dirisha lilikuwa ukuta wa mbali. Kitu cha karibu huonekana kikubwa kwenye picha, cha mbali hudogoka. Kwa hivyo zile pikseli 6.67 zilikuwa kipimo cha mlango peke yake. Kule kwenye dirisha, sentimita moja ilikuwa kama pikseli 5.9 tu. Hata upana niliukosa: mimi nilisema fimbo ni sentimita 240, kumbe ni 270. Lakini upana uliokolewa na mikunjo, maana tulikuwa tumeweka kitambaa mara mbili ya fimbo. Urefu haukuwa na pa kujificha.

Sisi watu wa mpakani ndio tunafaa kuelewa hili kuliko wote. Huku ukisema "elfu kumi", mtu wa kubadilisha pesa atakuuliza kwanza, za wapi? Zote zinaitwa shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya inanunua zaidi ya 20 za Uganda. Pikseli ni vivyo hivyo. Nilichukua kiwango cha ukuta mmoja nikabadilishia pesa za ukuta mwingine, halafu nikashangaa kupata hasara.

Kitambaa kilikuwa kimeisha. Mathe alikesha siku mbili akiunga ukanda wa rangi ya kahawia chini ya kila pazia, na kitambaa cha ule ukanda tukanunua kwa pesa yetu. Jumamosi asubuhi mapazia yalikuwa yamefika chini. Yalipendeza hata. Lakini yule mama alimwambia mathe, si mimi: "Mimi nilidhani wewe ndio fundi." Mathe hakusema ile namba ilikuwa yangu. Alisema tu, "Pole sana, mama."

Hapo ndipo niliumia. Ningetukanwa mimi, sawa. Lakini jina lililochafuka ni la mtu aliyelijenga miaka yote hiyo kwa tepu shingoni. Kwenye matatu ya kurudi aliniambia neno moja tu: "Baba, kupima ni kufika."

Tangu siku hiyo nimebadilisha vile ninafanya kazi, na naona kila mtu anayechora pazia, zulia au rangi juu ya picha ya nyumba afanye hivi.

Kwanza, kipimo kiwe kwenye ukuta uleule wa dirisha. Si mlango wa pembeni, si tailsi za sakafu, si kochi. Namwambia mteja abandike kitu anachojua urefu wake kando ya dirisha. Karatasi ya A4 inafaa ukikosa kingine, urefu wake ni sentimita 29.7. Lakini kitu kirefu ni bora zaidi. Kwenye ile picha ya Malaba, ningekosea pikseli 4 tu nikipima karatasi, pazia lote lingekosewa kwa sentimita 5 hivi. Kosa hilohilo kwenye kijiti cha mita moja lingekuwa chini ya sentimita 2.

Pili, simama katikati ya dirisha, simu ikiwa wima, kimo cha katikati ya dirisha. Ukipiga kutoka pembeni, upande mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine. Na ile kamera ya 0.5 tafadhali achaneni nayo, inavuta vitu vya kingoni. Rudi nyuma utumie ya kawaida.

Tatu, pima pikseli kwenye nakala ileile unayochorea. Picha ikipita WhatsApp huwa inapunguzwa, kwa hivyo kiwango cha picha ya mwanzo hakitumiki tena.

Nne, maua ya kitambaa nayo yana kipimo. Kama ua linajirudia kila sentimita 32, lichore hivyo kwenye picha. Ukilikuza ndio lipendeze, mteja atasubiri maua makubwa aletewe vidoti.

Tano, na hii ndiyo ya mathe: picha haikati kitambaa. Picha ni ya kukubaliana. Kabla ya mkasi, mtu aende na tepu, apime upana juu, katikati na chini, kwa sababu madirisha mengi hayako sawa vile yanaonekana.

Najua kuna wenzangu watasema napenda makuu, ati picha ni ya kumpa mteja hisia tu. Sawa, kama unachora kwa kujifurahisha. Lakini dakika umepokea pesa ya kuanzia, ile picha si hisia tena, ni ahadi, na ahadi ni deni. Wewe una like zako, lakini deni linalipwa na fundi aliyeinama kwenye cherehani saa nane usiku.

Watu wengine wananiambia ningemaliza chuo nisingekosea hivyo. Bana, hiyo hesabu ya uwiano nilifundishwa shule ya msingi na niliijua. Kile sikuwa nacho ni adabu ya kupanda matatu kwenda Malaba.

Siku hizi nina kijiti cha mita moja nimekipaka nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Kwenye michoro yangu mtakiona kimesimama kando ya dirisha. Kuna mtu aliniuliza mbona sikifuti, kinaharibu picha. Sikifuti. Mathe akiletewa mchoro wowote sasa, haangalii rangi kwanza. Anaweka miwani, anauliza, "Kijiti kiko wapi?"