Mwalimu na zile 3200

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu ameirudisha kompyuta niliyomuunganishia Ijumaa. Hakufoka. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alitandaza karatasi mezani, namba tatu kwa mwandiko wake wa ubaoni: 3200, 2133, 1066. Ya kwanza ameitoa kwenye boksi la RAM, ya pili kwenye Task Manager, ya tatu mjukuu wake kaisoma kwenye CPU-Z.

"Mwanangu, kitu kimoja kinakuwaje na kasi tatu?"

Nikamwambia ni kawaida, mashine zote ziko hivyo. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekariri jibu, akaiacha mashine, akawahi futari. Jibu lile limenikera mpaka sasa. Halikuwa jibu.

Jumanne, 4 Machi, baada ya daku

Nimeanza na 1066 kwa sababu ndiyo inayotisha watu. CPU-Z inahesabu mapigo ya saa ya RAM, basi. Lakini RAM za DDR, tangu JEDEC ilipotoa kiwango cha kwanza mwaka 2000, hupitisha data mara mbili katika kila pigo: wimbi likipanda na wimbi likishuka. Ndiyo msumeno, hukata mbele na nyuma. Anayehesabu mkono ulikwenda na kurudi mara ngapi atapata idadi moja; anayehesabu mikato atapata maradufu yake. 1066 na 2133, ukiacha desimali, ni habari ile ile. Hapo Mwalimu hajapunjwa kitu.

Ila kutoka 2133 mpaka 3200 hakuna msumeno wa kunitetea. Huo ni upungufu wa kweli, na umetoka mezani kwangu. Kila RAM ina kachipu kadogo, SPD, kalikohifadhi kasi zake. Mashine ikiwashwa mara ya kwanza huchukua kasi ya usalama, ile ya viwango vya JEDEC. Kwa RAM hizi ni 2133 kwa volti 1.2. Ile 3200 imewekwa kando, katika mpangilio uitwao XMP, na inataka volti 1.35. Haiji yenyewe. Lazima mtu aingie BIOS aiwashe. Mazabodi nyingine huiita DOCP, nyingine A-XMP. Boksi limeichapa 3200 kubwa kama kidole gumba, sharti lake halikuandikwa popote. Nami niliyelijua sharti hilo nilifunga kava bila kulitimiza.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiwasha XMP. Task Manager 3200, CPU-Z 1600. Prosesa yake, Ryzen 5 5600, inaikubali kasi hiyo bila shida. Nimeiacha usiku kucha na MemTest86, mizunguko minne, hakuna kosa hata moja.

Jambo moja limenishika. Kwenye 2133 ilikuwa CL15, sasa ni CL16, na mtu angedhani imezidi kuchelewa. CL ni idadi ya mapigo ya kusubiri, na mapigo yenyewe hayalingani urefu. Mapigo 15 ya zamani yalichukua nanosekunde 14 hivi. Haya 16 yanachukua 10 kamili.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu amekuja. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamweleza yote, na msumeno wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akashika boksi.

"Hertz ni mzunguko mmoja kwa sekunde. Mizunguko hapa ni milioni 1600. Kwa nini wameandika 3200 MHz?"

Miaka yote nimeuza maboksi haya bila kuuliza hilo, na ana haki. Kipimo chake sahihi ni MT/s, mamilioni ya uhamishaji kwa sekunde, na Windows 11 siku hizi imeanza kukiandika hivyo. Alipoona PC4-25600 kwenye lebo hakuningoja. Kila uhamishaji baiti 8, mara 3200: MB 25,600 kwa sekunde. RAM ziko mbili, kila moja na njia yake, kwa hiyo mara mbili ya hapo. Akaichana karatasi yake ya juzi, akaandika mpya.

Jumamosi, 8 Machi

Kijana mwenye i5-10400 na mazabodi ya B460 anataka RAM za 3200. Nimemwambia kabla hajatoa hela: prosesa hiyo kwenye bodi hiyo inaishia 2666, hata uguse XMP mara mia. RAM zitashuka zenyewe, ndivyo zilivyoundwa. Alifikiri kidogo, "sawa kaka," akachukua za 2666.

Nyuma ya risiti nimemwandikia kwa kalamu: Task Manager 2666, CPU-Z 1333, BIOS nimeikagua. Nimesaini.