Wageni Wawili Katika Nyumba Moja

Kila nifikapo Tabora hupenda kupita chini ya miembe mikongwe ambayo wenyeji husimulia kuwa iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi. Hapa misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, mingine ikielekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Katika mji wa njia panda, mgeni hakutani na mwenyeji peke yake. Hukutana pia na wageni wenzake.

Ndivyo ilivyo kwa virusi vya njia ya hewa. Tumezoea kuvifikiria kimoja kimoja, kumbe seli moja yaweza kuingiliwa na aina mbili kwa pamoja.

Mara nyingine aliyetangulia humfungia njia anayefuata. Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli zilizokutana na virusi hutoa protini iitwayo intaferoni, inayozitahadharisha seli jirani. Virusi vinavyofuata hukuta milango imekwisha kufungwa. Historia ya Tabora inalijua jambo hili. Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Unyanyembe walihasimiana na Mtemi Mirambo, naye akaifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, mgeni aliyefika wakati huo, alilazimika hatimaye kuzungukia kusini.

Mara nyingine wageni hushirikiana. Mwaka 2022 watafiti wa Glasgow walieleza kwamba virusi vya influenza na vya RSV, vilipoambukiza seli zilezile za mapafu maabarani, viliunda chembe chotara. Influenza iliyojivika sehemu ya umbo la mwenzake iliweza kuzikwepa kingamwili zilizokusudiwa kuizuia.

Msomaji atauliza: haya yanamhusu nini mzazi wa Tabora? Mtoto wa dada yangu alipelekwa katika kituo kimoja cha afya akiwa na homa, kifua kikimbana. Kipimo cha malaria hakikuona kitu, na dada akaambiwa mtoto hana ugonjwa. Alikesha akihesabu pumzi za mwanawe.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Takribani mmoja tu kati ya kumi alikuwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na maradhi zaidi ya moja.

Hata hivyo mipango yetu ingali ya ugonjwa mmoja mmoja, kila mfadhili na wake. Tunahitaji maabara za mikoani zenye uwezo wa kupima virusi kadhaa katika sampuli moja, na majibu yanayorudi hadi zahanati. Kwani mwili wa mtoto haujui mipaka ya bajeti zetu. Wageni huingia wakiwa wawili, nasi tungali mlangoni tukimwuliza mmoja jina lake.