Haluli ya Kwato

Huku kwetu Sola, miaka si mingi iliyopita, punda akichechemea watu hawakuuliza anaumwa nini. Waliuliza utamuuza lini. Shinyanga palikuwa na machinjio, ngozi zikienda China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao, na punda kilema ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungwa kamba. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukausimamisha bara zima kwa miaka 15. Nashukuru. Ila punda wangu alibaki na mguu wake mbovu.

Mimi maji nachota kwa punda. Masika moja udongo mweusi wa mbuga ulimng'ang'ania hadi kwato zikalainika, kisha mwiba wa mgunga ukapenya unyayoni. Asubuhi aligoma kukanyaga mguu wa mbele, na kwato ukiigusa ilikuwa ya moto. Shemeji akasema achomwe chuma. Jirani akaja na oili chafu.

Afisa mifugo alivikataa vyote viwili. "Mama Kulwa, usaha umefungiwa ndani. Tuutafutie njia." Akakwangua unyayo kwa kisu chenye ncha iliyopinda, taratibu, mpaka likatokea doa jeusi. Alipoligusa tu, majimaji ya kijivu yakachuruzika, na uvundo wake sijausahau. Akamdunga sindano ya kumkinga na pepopunda, maana punda na farasi ugonjwa huo huwamaliza upesi. Halafu akaniambia nitafute haluli.

Nilicheka. Haluli mimi naijua ya tumbo, ile chungu waliyotunywesha utotoni. Kumbe chumvi hiyohiyo, magnesiamu salfeti, wenye farasi huitumia kwenye kwato tangu zamani. Tena jina lake la Kizungu limetoka Epsom, mji wa Uingereza wenye mashindano ya farasi tangu karne ya 17.

Nilikata ndoo iwe fupi, punda asiogope kutumbukiza mguu. Maji ya moto nikayaacha yapoe hadi mkono uyavumilie, nikatia viganja viwili vya haluli na kukoroga mpaka punje zikaisha. Akasimama humo kama robo saa, asubuhi na jioni, mimi nikimkuna shingo. Kisha naukausha mguu, nafunga kitambaa safi na kipande cha kiroba juu yake. Usaha ulipokoma, na maji nikayakomesha, kwani kwato ikilowekwa mno hulainika, na ulaini ndio ulioukaribisha mwiba. Alirudi kisimani anakanyaga sawasawa.

Siku hizi watoto humkagua kwato kila jioni kabla hawajamfungia, na zizi tumeliinua kwa changarawe. Majirani nao wakiona punda anachechemea hunitumia mtoto kwanza, dalali baadaye.

Shida ni kwamba haluli imepata sifa kuliko uwezo wake. Juzi mzee mmoja alikuja kuniomba, punda wake amevimbiwa, anataka kumnywesha kwa chupa kama tunavyonywesha ng'ombe.

"Hapana, baba. Kwa chupa itamwingia mapafuni, na ikizidi kipimo ni sumu. Dawa ya tumbo daktari humpitishia mpira puani."

"Kwa hiyo unaninyima chumvi?"

"Nakunyima."

Nikampigia simu afisa mifugo hapohapo. Mzee alisubiri amenuna, lakini alisubiri.