Aleksandria, Mji wa Philo na Origen

Treni ilipotoka stesheni ya Ramses, Cairo, na kuanza kukata mashamba ya Delta, nilikuwa nimeshafungua kitabu cha Philo kuhusu kuhama kwa Abrahamu. Philo alikuwa Myahudi wa Aleksandria, wa kizazi kimoja na Yesu. Abrahamu anaamriwa aache nchi yake, jamaa zake na nyumba ya baba yake. Philo anaona humo safari ya nafsi: nchi ni mwili, jamaa ni milango ya fahamu, nyumba ya baba ni usemi. Nilikuwa nimemsoma chuoni kama mada ya mtihani. Sasa, nikienda mjini kwake kwa mara ya kwanza, nilimsoma kama mwenyeji wangu.

Katika kitabu hichohicho kuna jambo ambalo wanaoubeza usomaji huu wa mafumbo hulipita haraka. Philo anawakemea wenzake waliodhani kwamba wakishajua maana ya ndani ya Sabato na tohara, basi hawana haja ya kuzishika. Andiko ni mwili, asema, na maana yake ni roho. Auhifadhiye mwili huitunzia roho makao.

Kutoka stesheni ya Aleksandria ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Kom el-Dikka, ambako wanaakiolojia wa Poland na Misri wamechimba tangu 1960. Wageni wengi hukimbilia ukumbi mdogo wa maonyesho wenye viti vya marumaru. Mimi nilivutwa na madarasa: zaidi ya 20, yamepangwa mstari, kila moja na mabenchi ya mawe kuzunguka kuta na kiti cha mwalimu kilichoinuliwa mbele. Ni ya karne ya 5 hadi ya 7, kwa hiyo Origen, mwanateolojia wa Kikristo aliyezaliwa yapata mwaka 185, hakuketi hapo. Hata hivyo nilikaa kwenye jiwe mojawapo na kumfikiria yeye, kwa kuwa mji huu ndio uliomlea.

Origen hutajwa kama mfalme wa mafumbo. Lakini ni yeye aliyesimamia Hexapla, kazi iliyopanga Agano la Kale katika safu sita: Kiebrania, Kiebrania kwa herufi za Kigiriki, kisha tafsiri nne za Kigiriki, neno kwa neno, na alama za kuonyesha palipozidi na palipopungua. Huyo si mtu aliyelikimbia andiko. Mkono uliotafuta maana iliyofichika ndio uliosahihisha nakala.

Nyumbani nimewasikia wahubiri wakieleza mfano wa Msamaria Mwema namna hii: aliyepigwa ni Adamu, Msamaria ni Kristo, Yerusalemu ni Paradiso, Yeriko ni dunia, nyumba ya wageni ni kanisa. Sijui kama wote wanajua kwamba ufasiri huo umo katika mahubiri ya Origen juu ya Luka, naye anasema aliupokea kwa mzee mmoja wa kanisa. Mwaka 1888 Adolf Jülicher, mtaalamu wa Ujerumani, aliushambulia usomaji wa aina hiyo: kila mfano wa Yesu una hoja moja, wala si fumbo la kufumbuliwa kipande kwa kipande. Nampa haki yake. Msamaria akishakuwa Kristo na basi, hatuoni tena jirani aliyedharauliwa, na swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu, jirani yangu ni nani, linazimika.

Ila Jülicher hanitoshi. Mahubiri yale ya Origen hayaishii mbinguni. Baada ya kumtambua Kristo katika Msamaria, anawageukia waliomsikiliza na kuwaambia kwamba wao pia wanaweza kumwiga: kuwaendea walioangukia mikononi mwa wanyang'anyi, kufunga majeraha yao, kumimina mafuta na divai, kuwapandisha juu ya mnyama wao na kuichukua mizigo yao.