Punje za Mahindi Katika Kufundisha Maumbo

Mwanafunzi wa darasa la tano akichorewa mraba ubaoni hulitaja jina lake mara moja. Ugeuzeni mraba ule ule usimame juu ya pembe yake, na wengi darasani watanyamaza, au watasema kuwa sasa si mraba tena. Hapo twaona wazi kwamba walichojifunza ni jina la picha, wala si umbo. Kwa sababu hiyo sisi tunaofundisha Hisabati hapa Lupiro, penye njia panda ya kwenda Mahenge na Malinyi, tumezoea kuanza mada ya maumbo kwa nukta, na mistari huja baadaye.

Zana zake hazina gharama: punje za mahindi, maharage, kamba, vigingi, rula, na uwanja wa mchanga uliofagiwa. Mpunga tunao tele katika bonde hili la Kilombero, lakini haufai, kwa kuwa punje zake hazionekani vema na mtoto aliyesimama. Wakati wa masika uwanja hulowa, kwa hiyo somo hili yafaa lipangwe kiangazi.

Kila kundi huchora umbo mchangani, hupanga punje juu ya mstari, kisha huufuta mstari. Kinachobaki ni nukta tupu. Wapimaji wa siku hizi huuita mkusanyiko wa namna hiyo wingu la nukta. Kundi jingine huitwa lije kutaja umbo lililofutwa, na kutoa sababu.

Siku moja kundi la kwanza lilichora mraba wenye upande wa sm 60, likaweka punje nne tu, moja katika kila pembe. Msichana mmoja wa kundi la pili alitazama, akasema, "Mwalimu, hili ni duara." Wenzake walicheka sana. Ndugu walimu mnaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, dakika kama hiyo ni ya hatari. Neno moja la "umekosa" kutoka kwetu lingetosha kumfunga mdomo mtoto yule mpaka mwisho wa mwaka. Tulimpa kamba na kigingi. Alitafuta kitovu kwa kuzivusha kamba mbili kutoka pembe hadi pembe, akakipigilia kigingi zilipokutana, akanyoosha kamba ya sm 42, akaizungusha. Mstari ulipita juu ya punje zote nne. Kicheko kilikoma.

Je, nani alikuwa na haki? Wote wawili, kwa kuwa punje nne zile ni za mraba na ni za duara pia. Ubishi ulikwisha kundi la kwanza lilipoongeza punje nne, moja katikati ya kila upande. Punje hizo mpya ziliangukia ndani ya duara, sm 12 mbali na mstari wake. Kumbe umbo haliwezi kutajwa kwa hakika kabla ya nukta kutosha, na ni wanafunzi wenyewe walioiona haja ya kuongeza.

Tokea hapo tuliwaachia wapime kutoka kitovuni. Punje za duara zote zina umbali mmoja. Za mraba wetu huanzia sm 30 katikati ya upande hadi sm 42 pembeni. Za pembetatu yenye pande sawa za sm 60 huanzia kiasi cha sm 17 hadi sm 35. Gawanyeni umbali mkubwa kwa mdogo: duara hutoa 1, mraba karibu 1.4, pembetatu 2. Mraba ukisimamishwa juu ya pembe, au ukikuzwa maradufu, jibu ni lile lile. Mtoto aliyepima hivi hahitaji tena kuinamisha kichwa ili autambue mraba.

Kulinganisha mawingu mawili ni kazi ngumu zaidi, na hapa twashauri msiharakishe. Tulipanga duara la mahindi lenye nusu kipenyo cha sm 30, kisha juu yake nusu duara ya maharage. Kanuni ilikuwa hii: kwa kila nukta ya wingu moja, tafuta nukta iliyo karibu zaidi katika wingu la pili, upime, kisha uandike pengo lililo kubwa kuliko yote. Waliotoka kwenye maharage walipata karibu sifuri, wakatangaza kuwa maumbo ni sawa. Waliotoka kwenye mahindi walipata sm 42, maana punje ya chini kabisa haikuwa na harage lolote jirani. Twapaswa kupima pande zote mbili na kulichukua pengo kubwa. Kanuni hii hutajwa kwa jina la Mjerumani Felix Hausdorff, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1914. Ina udhaifu mmoja: kuku akipita na kuisukuma punje moja tu, pengo kubwa hupanda ghafla ingawa umbo halikubadilika. Wastani wa mapengo yote hustahimili kuku zaidi.

Watoto huuliza kazi hii ina faida gani. Tunawaeleza habari za Kilwa Kisiwani, ambako watu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliyapima magofu kwa mionzi ya leza. Chombo husimama mahali, hutuma mwanga ukutani, na kila mwanga unaporudi huandika nukta moja. Lakini kikisimama upande mmoja wa nguzo, huona upande huo tu, na wingu lake huwa ile nusu duara ya maharage. Ndiyo sababu mpimaji hukihamisha chombo mara nyingi, kisha huyaunganisha mawingu.

Katika andalio la somo tengeni vipindi viwili mfululizo. Cha kwanza kitakwisha katika kubishana, nanyi msikikatishe. Cha pili wapeni kopo, wabandike punje kwa udongo mbichi ubavuni na juu, kisha waulizeni ni upande gani wa kopo ambao wingu lao halina habari nao.