Kioo Kwenye Nyasi

Kioo hakikuvunjwa. Kilikuwa kimelazwa kwenye nyasi nyuma ya gari, kizima, na raba yake imekunjwa juu yake kama mshipi. Ndivyo nilivyolikuta gari la watu asubuhi moja ya mwaka 2007, nje ya loji niliyolala mjini Koboko, Uganda. Betri hakuna. Tairi la akiba, ambalo kwenye Hiace huning'inia chini ya tumbo la gari kwa nyuma, hakuna. Mwizi aliliteremsha kwa mpini wa jeki yetu wenyewe, kisha akaenda na jeki pia. Nilisimama nikikitazama kile kioo, na aliyenijia akilini kwanza hakuwa mwizi. Alikuwa Hajji.

Gari lilikuwa la Hajji, mzee wa Kinubi wa Pangisha, Arua. Pangisha ni jina la mtaa, sikulitunga mimi. Mapatano yetu yalikuwa ya mdomo: hesabu kila jioni, Ijumaa mchana gari lipumzike, mafuta na pancha juu yangu, injini juu yake. Habari ya wizi hatukuigusa. Watu wawili wanaoheshimiana huona haya kutaja wizi siku ya kwanza.

Kazi ilikuwepo tele. Mkataba wa amani wa Sudan wa Januari 2005 ulikuwa umefungua njia ya Kaya, Yei hadi Juba, na kila kilichopakiwa Arua Park kule Kampala, magodoro, bia, mabati, sabuni, kilipita Koboko. Nyuma ya mzigo walikuja wenye mzigo, na hao ndio niliokuwa nikiwabeba. Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55. Leo ni lami tupu, mwendo wa saa moja ukiwa huna haraka. Wakati ule ilikuwa murram, na mvua ikishanyesha unafika giza limeingia, abiria wamechoka, nawe huna namna ila kulala. Ndiyo maana husema kwamba wizi wa gari letu ulianza na barabara. Gari linaloweza kurudi nyumbani jioni halilali ugenini.

Na lile giza lilikuwa giza kweli. Hata Arua yenyewe umeme ulikuwa wa saa chache kwa jenereta, mpaka bwawa la Nyagak kule upande wa Paidha lilipoanza kazi mwaka 2012. Koboko ndiyo usiulize. Ukiegesha gari mita kumi kutoka mlangoni mwako umeliegesha nchi nyingine.

Niseme pia kwamba sikuwa mgeni wa hofu. Miaka ya tisini nilikuwa tanboi kwenye malori ya Kampala, tukipita Karuma kwenda Pakwach kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma kwa sababu ya waasi wa Kony. Kule hakuna aliyewazia betri. Ukifika daraja la Pakwach unajipapasa mwili, si mfuko. Labda ndicho kilichonilaza usingizi Koboko: nilikuwa nimezoea kuogopa kitu kikubwa.

Niliripoti polisi, nikapewa namba ya SD, yaani ya daftari la kituo, kwenye kipande cha karatasi, nikapata barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, nikaazima betri, nikarudi Arua nimekifunika kile kidirisha kwa turubai. Hajji alisoma karatasi zote mbili polepole, akazikunja, akanirudishia.

“Kijana, kioo kimevunjika?”

“Hapana, Hajji. Wamekitoa.”

“Wamekitoa.” Akanyamaza kidogo. “Mwizi wa kuvunja ana haraka. Huyu alikuwa na nafasi.”

Nikamwapia. Akainua mkono. “Sisemi umeiba. Nasema gari lilikuwa mkononi mwako.”

Tuligawana hasara nusu kwa nusu. Nilimaliza kulipa baada ya miezi minne. Lakini fedha haikuniuma kama ile sentensi, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuishika. Hakunituhumu, kwa hiyo sikuweza kujitetea. Tangu siku ile nilijua kwamba mwenye gari lake hulinda gari tu, na mimi niliyelikodi nilikuwa na kitu cha pili cha kulinda.

Kesho yake nilinunua daftari la shule, nikalipiga mistari ya safu tatu: Kitu, Hali yake, Atakayelipa. Jeki, nzima. Spana ya magurudumu, nzima. Kifuniko cha tanki, hakina ufunguo. Mkwaruzo mlango wa kulia, wa zamani. Kila Jumatatu tulilizunguka gari pamoja, yeye na kanzu yake, mimi na kalamu, na mwisho anatia sahihi. Safu ya tatu tuliiacha tupu. Ilikuwa ikisubiri.

Baada ya daftari ndipo nikaanza kujifunza gari lenyewe. Vioo vya Hiace za zamani vilishikwa na raba. Mtu mwenye kisu chembamba na dakika chache hukata mdomo wa nje wa raba, anakipokea kioo kama anapokea mtoto. Dawa yake si kufuli. Dawa ni kurudisha gari kinyumenyume hadi makalio yaguse ukuta: kioo cha nyuma hakifikiki, mlango wa nyuma hauinuki, tairi la akiba halina pa kutokea. Mlango wa kuburuta nao uelekeze kwenye gari jingine au mti. Tairi nikalipitishia mnyororo na kufuli kwenye rimu. Namba ya gari nikaichoresha kwenye vioo vyote, hata taa, kwa sababu kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika. Betri nililala nayo chumbani, nikaizoea harufu yake.

Kazi niliyoipenda zaidi ni ya fundi mmoja wa umeme wa magari pale Arua. Injini ya dizeli ya zamani haihitaji plagi za cheche, lakini kwenye pampu kuna solenoidi inayofungua dizeli. Ikikosa umeme, mafuta hayapiti. Fundi alikata ule waya, akaupeleka kwenye swichi ndogo mahali ambapo mpaka leo sipasemi. Mwizi atapiga starta mpaka achoke, injini izunguke isiwake, na atadhani gari ni bovu. Hajji alipoonyeshwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu Koboko. Kisha akauliza ni watu wangapi wanaoijua swichi hiyo. Nikasema watatu: fundi, mimi, na sasa wewe. Akaacha kucheka.

Mafuta yalikuwa habari nyingine. Mtu huingiza mpira kwenye tanki, anavuta kwa mdomo, na asubuhi mshale umelala. Mjini Arua lawama ilikuwa tayari ina anwani: vijana wa Opec, wale waliokaa kando ya barabara na madumu ya petroli iliyovushwa kutoka Kongo. Mimi sikukubaliana na lawama hiyo. Walikuwa wafanyabiashara, na mwenye bidhaa mitaani hulala jicho moja. Nilipochelewa Arua niliegesha karibu na kijana mmoja aliyekaa na madumu yake hadi usiku wa manane, na sikupoteza hata lita. Tatizo ni kwamba alikuwa na kibatari. Nilichagua moto badala ya mwizi, na sijui kama nilichagua vizuri.

Koboko nilirudi kulala, safari hii ndani ya gari. Usiku mmoja nikasikia watu wawili wakilizunguka, wakiongea Kiswahili. Kampala ukisikia Kiswahili usiku nywele zinasimama, maana kule wazee wanakikumbuka kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabara. Koboko ni lugha ya soko tu, pamoja na Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Mwizi na mwuza nyanya wanaisema sawasawa. Mmoja akainama nyuma, akagusa mnyororo, akasema kwa uchungu wa kweli: “Huyu ana roho mbaya. Amefunga mpaka spea.” Wakaenda zao. Sikuthubutu hata kukohoa. Betri haistahili kisu tumboni, na kama wangeendelea ningewaacha waendelee.

Baada ya Julai 2016, vita vilipofika Yei na watu wakamiminika kupitia mpaka wa Oraba, kodi za gari za kwenda kambi za wakimbizi ziliongezeka: leo Lobule, kesho Bidi Bidi, keshokutwa Rhino Camp. Waliokodi sasa walitaka traka ya kuonyesha gari liliko. Ni kidude kizuri, ila hutuma habari zake kwa laini ya simu, na kutoka Koboko mipaka miwili iko karibu, wa Kongo na wa Sudan Kusini. Gari likivuka na laini haina ruhusa ya mtandao wa ng'ambo, nukta hubaki imesimama Oraba kwenye skrini, gari limetulia kabisa, huku lenyewe liko njiani kwenda kusikojulikana. Sikuitupa. Lakini swichi ya fundi niliiacha ilipo.

Wakati huo gari lilikuwa langu. Hajji alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wake waliniuzia kwa bei ya huruma. Magoti yalipoanza kunisumbua nikampa kijana mmoja alikodi, kwa mapatano yaleyale, na daftari juu yake.

Mwaka 2019 akanipigia alfajiri kutoka Koboko. “Shikamoo mzee. Saiti mira zote mbili zimeondoka.”

Nikajibu salamu, na kabla sijamaliza kuijibu nikajisikia nikiuliza: “Wamezivunja au wamezifungua?”

“Wamefungua, mzee. Kwa spana.”

Alifika Arua saa nne. Hakuwa na barua ya LC1 tu. Alikuwa na simu. Kumbe kila usiku akishaegesha alilipiga gari picha pande nne, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akanionyesha za usiku ule: ukuta, makalio ya gari yameugusa, mnyororo, saiti mira zote mbili mahali pake, saa tatu na dakika kumi. Niliziangalia zote. Nikazirudia. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye akaona.

Akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika mwenyewe: Saiti mira, mbili, zimeibwa. Kisha akaligeuza upande wangu, akanipa kalamu.

Niliandika jina langu kwenye safu ya tatu. Nikakaa kidogo. Chini yake nikaandika na lake.